Uzoefu wangu na The Land Without Stars: sayari iliyokufa kwa nje, inayopigana kwa ndani

Katuni za safari za anga zina mazoea yake. Chombo kinatua kwenye sayari kame, wasafiri wanashuka, dubwana linachomoza nyuma ya mwamba, silaha zinalia, chombo kinaondoka. Nimesoma nyingi za namna hiyo na kuzifurahia, lakini nikifunika kitabu hakuna kinachobaki kichwani. The Land Without Stars nimekirudia mara nyingi, na kila nikikifungua naona kona ya picha ambayo sikuwa nimeitazama vizuri.

Kwa asiyekifahamu, hiki ni kitabu cha tatu katika mfululizo wa Kifaransa wa Valérian na Laureline. Hadithi ni ya Pierre Christin, michoro ni ya Jean-Claude Mézières, na rangi zimetiwa na Évelyne Tranlé, dada yake Mézières. Ilitoka kwanza kwa vipande katika jarida la Pilote, kisha mwaka 1972 ikawa kitabu kwa jina la Le Pays sans étoile. Ninacho katika toleo la Kiingereza la Cinebook la mwaka 2012: jalada laini, ukubwa unaokaribia karatasi ya A4, kurasa 48. Usidanganyike na wembamba wake. Hizo kurasa 48 zimejaa.

Valérian na Laureline ni maajenti wa Galaxity, mji mkuu wa dola ya Dunia katika siku za mbele sana. Kazi yao ni kusafiri katika anga na katika wakati. Hapa wako pembezoni kabisa mwa galaksi, kwenye sayari nne za Ukbar, wakisaidia walowezi wapya kupata makazi. Wanapojiandaa kuondoka inagunduliwa sayari nyingine inayokuja kasi upande ule ule. Inaitwa Zahir. Haizunguki jua lolote, inatangatanga, na ikiachwa iendelee hivyo walowezi wote wataangamia. Maajenti wetu wanakwenda kuitazama.

Kwa nje Zahir ni maiti. Hakuna jua la kuipasha joto, hakuna hewa ya kuvuta, hakuna dalili ya mtu. Lakini sayari ni tupu kama mtungi: ndani kuna kijua kidogo katikati, na kwenye ukuta wake wa ndani kuna ardhi, mimea, misafara na miji. Watu wameishi humo vizazi kwa vizazi bila kuona nyota hata moja, wakiamini kwamba ulimwengu wote unaishia kwenye ule mwamba. Pale ambapo hadithi nyingine zingemaliza uchunguzi, hii ndiyo kwanza inaanza.

Sasa nizungumzie michoro, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nikipende kitabu hiki. Katikati ya miaka ya 1960 Mézières aliishi magharibi ya Marekani akafanya kazi kwenye mashamba ya ng'ombe huko Utah, na navyoona mimi macho yake yalizoea upana huko. Tazama anavyochora Walemm, wale wahamaji wanaozunguka Zahir na misafara yao kutafuta vitu vinavyolipuka viitwavyo flogum. Hawaweki katikati ya picha peke yao. Anawaacha wawe wadogo, ardhi iwe kubwa, na upeo wa macho unapinda kwenda juu badala ya kushuka, kwa sababu tuko ndani ya tufe. Mpindo huo haelezi kwa maneno. Unauhisi tu, na baada ya kurasa chache unaanza kuuzoea, hadi unapokumbushwa kwamba wewe msomaji unajua kitu ambacho watu hao hawakijui.

Rangi za Tranlé zinastahili sifa zake. Giza la nje ni la baridi, la buluu na kijivu. Ukiingia ndani unapokelewa na manjano na wekundu wa joto. Chapa ya Cinebook imezitunza vizuri.

Miji ni miwili, na inapigana. Malka inatawaliwa na wanawake, chini ya malkia Klopka. Valsennar inatawaliwa na wanaume, chini ya mfalme mkuu Alzafrar. Walemm wanaiuzia yote miwili flogum za kurushiana. Hakuna anayekumbuka kwa uhakika vita vilianza vipi. Lililo baya zaidi ni kwamba milipuko hiyo ndiyo inayoisukuma Zahir huku na huko angani, kwa hiyo watu wanaopigania mji mmoja wanaitosa dunia nzima, yao na ya majirani wasiojua hata kama wapo. Christin alifundisha uandishi wa habari Bordeaux, na hadithi zake zina jicho la mtu aliyefuatilia habari za vita: nani anapigana, nani anauza risasi, nani analipa. Aliandika haya wakati wa vita baridi. Nimeisoma leo, na sikuhitaji mtu wa kunifafanulia.

Valérian na Laureline wanagawana kazi, mmoja kila mji, na hapo ndipo Laureline anapochukua kitabu. Historia yake inafaa kujulikana. Alionekana mara ya kwanza mwaka 1967 katika hadithi ya kwanza ya mfululizo, msichana wa Ufaransa ya karne ya 11 anayemwokoa Valérian msituni, na alikusudiwa kuwamo katika hadithi hiyo moja tu. Wasomaji walimpenda, akabaki, na bahati yetu. Humu anaingia kwenye jumba la Alzafrar akitumia akili, subira na ujasiri wa mtu asiyetishwa na mapambo ya kifalme. Valérian ni jasiri pia, ila hukimbilia amri na nguvu; Laureline huwasikiliza watu kwanza. Nilikisoma pamoja na mpwa wangu wa kike, aliyekuwa amezoea katuni ambazo msichana kazi yake ni kutekwa, na yeye ndiye aliyekuwa akinihimiza nifungue ukurasa wa pili kila Laureline alipopanga jambo.

Kuna mambo yasiyoniridhisha. Wazo la mji wa wanawake na mji wa wanaume lilikuwa kali mwaka 1972, lakini limechorwa kwa mstari mnene mno. Malka inanishawishi kuliko Valsennar, ambako watawala wanaonyeshwa kwa upuuzi mwingi kiasi kwamba unajiuliza wamewezaje kuhimili vita hata kwa mwaka mmoja. Ningependa pia kukaa zaidi na Walemm. Wao ndio wanaojua njia zote za Zahir, wanafanya biashara na pande zote mbili, na nina hakika wana maoni yao kuhusu vita hivi, lakini hadithi inawapita haraka. Maneno nayo ni mengi. Baadhi ya fremu zimefunikwa na maelezo ambayo picha ilikwisha kuyasema, na herufi ni ndogo. Nililazimika kukaa karibu na taa.

Upande wa sayansi, kuna jambo moja linalosimama imara na jingine linaloanguka. Sayari zisizo na jua zipo kweli. Mwaka 2013 wanaastronomia walitangaza PSO J318.5-22, sayari inayoelea peke yake bila nyota ya kuizunguka, miaka arobaini na moja baada ya kitabu hiki kuchapwa. Lakini maisha kwenye ukuta wa ndani wa tufe tupu hayawezekani. Newton alishaonyesha mwaka 1687 kwamba ndani ya ganda la duara mvutano wa pande zote unafutana, kwa hiyo watu wa Malka wangeelea, na kile kijua cha katikati kingewavuta kukielekea. Sijali. Edmond Halley mwenyewe, yule wa kimondo chenye mkia, alipendekeza mwaka 1692 kwamba Dunia yetu ina maganda ndani yake, na ni jambo jema kwamba wazo lililokufa kwenye sayansi lilipata makao kwenye katuni. Hadithi inauliza mtu aliyefungiwa anajuaje kwamba amefungiwa, na kwa swali hilo tufe tupu linafaa kuliko sayari ya kawaida.

Mwisho siuelezi wote. Nitasema tu kwamba wapo watu waliozaliwa ndani ya Zahir wanaotolewa nje kwa mara ya kwanza, na Mézières anawapa nafasi ya kutazama. Hakuna hotuba ndefu. Christin, ambaye kwingineko anaongea sana, hapo ananyamaza na kumwachia mwenzake. Kwa maoni yangu ni kati ya kurasa bora za katuni za anga nilizowahi kusoma, na nimesoma za Wamarekani, za Wajapani na za Wabelgiji.

Kama unataka kuanza mfululizo huu, shauri langu ni uanzie hapa na si kitabu cha kwanza. The City of Shifting Waters kina New York iliyofunikwa na maji na kinasisimua, ila wahusika walikuwa bado hawajakomaa na michoro inaelekea kwenye vichekesho. Hiki cha tatu kinasomeka chenyewe, hakidai ujue lolote la nyuma. Kiingereza chake si kigumu kwa kijana wa sekondari. Kwa watoto wadogo zaidi, msome pamoja, kwa sababu kuna utumwa na vita vya kuulizwa maswali. Anayesoma Kifaransa atafute toleo la asili, maneno yana utani zaidi.

Ukikipenda, kinachofuata kisiwe lazima cha nne. Ruka uende Ambassador of the Shadows cha mwaka 1975, ambacho Valérian anatekwa mapema pamoja na balozi na Laureline anabaki peke yake kuwatafuta katika kituo kikubwa cha anga chenye viumbe wa kila aina. Hicho ndicho ninachokisoma sasa na mpwa wangu, na yeye ndiye anayeshika kitabu.