Nimefunga Shokapu za Nyuma za Vitz Mwenyewe, Uani Kwangu: Nilichokipenda na Kifaa Kimoja Ambacho Msinunue

Sikilizeni kwanza kabla sijasema lolote.

Mmesikia? Ko-ko. Hilo ni tuta dogo tu la mtaani kwetu huku Kigamboni, wala si shimo, na gari linagonga nyuma kama kabati lenye mlango uliolegea. Nilirekodi wiki mbili zilizopita. Miezi mitatu nimeishi na huo mlio nikijidanganya kwamba ni jeki inacheza kwenye buti. Nikatoa jeki. Nikatoa tairi la akiba. Nikatoa mpaka mwavuli wa mama watoto. Mlio uko palepale.

Sasa hizi hapa ndizo zimeumaliza. Shokapu mbili za nyuma za Toyota Vitz, ile ya umbo la pili iliyoanza kutoka Japani mwaka 2005. Ni KYB, aina ya Excel-G. Wengine mnaziita shokamzoba, ndugu zetu wa Kenya wanasema shoki, ni kitu kilekile. Nimezifunga mwenyewe, hapa uani, na kabla ya hapo kazi kubwa niliyowahi kuifanya kwenye gari ni kubadilisha plagi na kumwaga oili. Kwa hiyo mafundi mtanivumilia. Leo naongea na yule ambaye hajawahi kuingia chini ya gari lake.

Mpwa wangu, sogeza simu hapa. Hii ya kushoto ni ya zamani. Naisukuma fimbo yake kwa mkono mmoja... inaingia bila ubishi, kama pampu ya baiskeli iliyokwisha washa. Naiachia, imelala hukohuko chini. Hii mpya sasa. Naiegemea kwa uzito wangu wote, inaingia kwa kusitasita. Naiachia, inapanda yenyewe. Kinachoipandisha ni gesi ya nitrojeni iliyomo ndani. Lakini mkienda dukani msije mkaikataa shokapu kwa sababu tu haipandi: zipo za oili tupu, na hizo hazipandi hata zikiwa mpya. Uzima wa shokapu upo kwenye ubishi wake. Isukume, ivute, ikupinge mwanzo mpaka mwisho. Ikiwa kuna sehemu mkono unapita hewani, hiyo imekwisha.

Kuna kitu nilikuwa sikijui na naona wengi hawakijui. Shokapu haibebi gari. Anayebeba ni springi. Springi ukiibonyeza ikaachiwa itaruka, ishuke, iruke tena, mpaka ichoke yenyewe, na shokapu ipo kuizuia isicheze ngoma hiyo. Ndani kuna pistoni inayopita kwenye oili, na ina vitundu vidogo; oili inalazimika kujipenyeza humo, ule mrukoruko unageuka joto. Ndiyo maana ukitoka barabara ya vumbi ndefu shokapu inakuwa ya moto. Ikitikiswa sana oili inaweza kutoa povu, na povu halina ubishi wowote. Ile gesi imewekwa humo kulikandamiza povu lisitokee.

Na hapa niwaguse wenzangu mnaopenda kunyanyua gari kwa spesa, vile vipande vinavyowekwa kwenye springi ili gari likae juu. Najua kwa nini mnanyanyua, mvua ya Dar naijua. Ila ukiweka spesa bila kubadilisha shokapu, umeivuta fimbo ikakaa karibu na mwisho wake wa juu. Tairi likishuka kwenye shimo haina tena pa kurefukia, inagota. Halafu mtu anarudi dukani kulalamika shokapu ni feki.

Tukija kwenye feki. Nilinunua Gerezani, Kariakoo, na nilizunguka asubuhi nzima. KYB ni Wajapani, jina limetoka kwa Kayaba, wapo tangu 1919, na jina kubwa lina wajanja wake. Nilichofanya ni hiki: nilisoma namba iliyo kwenye boksi, nikaisoma iliyogongwa kwenye mwili wa shokapu, nikahakikisha zinafanana na zinaendana na namba ya chesisi ya gari langu. Muuzaji asiyetaka ufungue boksi, mwage. Pea nimepewa kwa laki mbili na kumi baada ya kubembeleza, na duka la tatu kutoka hapo walitaka laki mbili na themanini kwa kitu hichohicho. Zunguka.

Za mtumba kutoka Japani zilikuwepo, bei chini ya nusu. Mimi mtumba naununua, taa zangu za nyuma ni mtumba, mlango wa kushoto ni mtumba. Shokapu, hapana. Mlango unaukagua kwa macho. Shokapu sili yake ya raba imeshazeeka ndani, gesi inapungua taratibu mwaka hadi mwaka, na kilomita ilizotembea hakuna anayezijua. Monroe, ambao ni washindani wa hawa KYB, wanashauri kubadilisha kwenye maili 50,000, yaani kama kilomita 80,000. Gari la Japani lililovunjwa lina kilomita ngapi? Unanunua mzee unampa kazi ya kijana.

Na nunua pea. Fundi mmoja aliniambia nibadilishe ile inayovuja tu. Ukifanya hivyo upande mmoja unakuwa mgumu, mwingine mlegevu, na siku ukikwepa bodaboda kwa ghafla ndipo utakapoijua tofauti.

Haya, kazi yenyewe. Vifaa: soketi na spana za kawaida kuanzia 10 mpaka 21, racheti, jeki mbili, stendi mbili za chuma, dawa ya kulegeza kutu, na kipande cha paipu cha kurefushia mpini. Stendi msizichukulie mzaha. Nimeona watu wanaweka tofali. Tofali la sementi halipindi kwanza likakuonya, linapasuka mara moja. Mimi niliweka stendi, halafu tairi nililolitoa nikalilaza chini ya ubavu wa gari, ili hata likianguka lisinifikie.

Kosa langu la kwanza mlione. Nimepandisha nyuma, nimevuta breki ya mkono, nimeridhika. Breki ya mkono ya gari hili inashika magurudumu ya nyuma, ambayo sasa yako hewani! Kilichokuwa kinalizuia gari ni gia peke yake. Weka mawe mazito mbele na nyuma ya tairi za mbele kabla hujagusa jeki. Na nati za tairi uzilegeze gari likiwa bado chini.

Nati ya juu ya shokapu hutaiona kwa nje, iko ndani ya buti nyuma ya plastiki ya pembeni. Zile klipu za plastiki ndizo zilizonichosha kuliko chuma chochote siku hiyo. Ukiifikia nati, fimbo nzima inazunguka nayo, kwa hiyo unaishika fimbo kichwani kwa spana ndogo huku unafungua nati kwa nyingine. Msiishike ile sehemu inayong'aa kwa plaizi, hata ya zamani, msizoee. Mkwaruzo mmoja pale unakula sili, oili inaanza kutoka.

Bolti ya chini ndiyo iliyonitoa jasho. Upepo wa bahari huku kwetu unakula chuma. Nilipuliza dawa jioni, nikalala, asubuhi nikapuliza tena, nikaweka paipu kwenye racheti, nikaegemea. Ikalia kama mbuzi, ikaachia.

Tulia hapa, kwa sababu hili hakuna aliyenieleza. Hiyo shokapu, mbali na kutuliza springi, ndiyo inayozuia ekseli ya nyuma, yaani chuma kinachounganisha magurudumu mawili ya nyuma, isishuke kupita kiasi. Ukiitoa bila kuweka jeki ya pili chini ya ekseli, ekseli inashuka, paipu ya raba ya breki inavutika, na springi inaweza kuchomoka ikakuangukia. Weka jeki, ipandishe kidogo tu mpaka bolti isiwe na mzigo, ndipo uitoe. Tena fanya upande mmoja mpaka uishe, ndipo uhamie wa pili.

Mpya kabla ya kufunga nimeisimamisha wima, nikaipampu mara nne tano, kutoa hewa iliyoingia kwenye oili ikiwa imelazwa dukani. Utepe uliofungwa kuibana msiukate mapema. Nilikata nikiwa nimekaa chini, ikarefuka, nikahangaika kuibana tena peke yangu kama mtu anayemshikilia bata. Na boksi halina raba ya kugotea wala kifuniko cha vumbi. Za zamani zikiwa zimemeguka, nunua siku hiyohiyo. Kwangu ya kulia ilikuwa imebaki vumbi tupu, na sehemu ya ule mlio ilitoka hapo.

Jambo la mwisho kwenye kufunga. Bolti ya chini inapita kwenye bushi ya raba. Ukiikaza ekseli ikiwa inaning'inia, bushi inashikwa ikiwa imejisokota, na ukishusha gari inabaki imesokotwa maisha yake yote, ambayo yatakuwa mafupi. Nilipandisha ekseli kwa jeki mpaka ikakaa kama gari likiwa chini, ndipo nikakaza. Nati za tairi nilikaza kwa toki renchi ya kuazima, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, nyutonimita 103 kama Toyota wanavyotaka. Upande wa kwanza umenichukua saa mbili na nusu. Wa pili dakika arobaini.

Basi kichwa kikanivimba. Jumapili yake nikasema na za mbele nazimaliza. Hapo ndipo kinapoingia kifaa hiki hapa. Kibanio cha springi, vyuma viwili virefu vyenye kulabu, elfu thelathini na tano. Za mbele si kama za nyuma: shokapu imekaa katikati ya springi, na springi imebanwa muda wote. Ili uitoe shokapu lazima uibane zaidi, ufungue nati ya juu, uiachie polepole. Kuitoa yote kwenye gari niliweza, bolti mbili za chini na nati za juu kwenye boneti. Nikafunga kibanio, nikaanza kuzungusha. Kulabu moja ikateleza kama sentimita mbili kwenye mkunjo wa springi. Tak! Angalieni uzi wa hii bolti, umelala. Ile springi ina nguvu ya kubeba robo ya gari, na uso wangu ulikuwa juu yake.

Nikaacha. Nikatoa na ya upande wa pili, nikazipakia kwenye bajaji zikiwa nzima, nikapeleka gereji yenye mashine ya kubania iliyofungwa ukutani. Fundi alimaliza zote mbili kabla chai yangu haijapoa, elfu ishirini. Kwa hiyo hiki kibanio ndicho nisichowashauri, hata ukipewa bure. Ukitaka kujifunza, toa mwenyewe, rudisha mwenyewe, ile kazi ya kubana springi mpe mwenye mashine. Baadaye kapige alaimenti, yaani kunyoosha tairi zikae sawa, maana ukifungua zile bolti mbili za chini tairi halirudi lilipokuwa.

Barabarani sasa. Nimevuka nazo Daraja la Nyerere kwenda na kurudi, nimepita kwenye rasta za Kilwa Road, vile vijituta vidogo vinavyofuatana, nimezipeleka vumbi la Kibada. Mlio umeisha. Kwenye rasta zamani mkia ulikuwa unatembea pembeni wenyewe, sasa unafuata. Tuta linapita mara moja, gari linatulia, halitikisi kichwa tena na tena. Nikiwa peke yangu nyuma ni ngumu kidogo, nawaambia ukweli, wiki ya kwanza nilidhani nimejaza upepo mwingi. Watoto wakipanda nyuma ndipo raha yake inapoonekana. Gari halijanyanyuka hata kidogo, msizinunue kwa sababu hiyo. Na kama springi zako zimelala au bushi zimekatika, hela yako itaenda na mlio utabaki.

Ningenunua tena? Hizi za nyuma, ndiyo, na ningezifunga mwenyewe. Fundi alikuwa ameniambia elfu arobaini ya ufundi. Baada ya kilomita mia nilirudi kukagua nati zote, moja ya tairi la kulia ilikubali robo mzunguko.

Halafu kuna hii. Klipu nyeusi. Plastiki ya buti imerudi, imekaa vizuri, haichezi, na hii imebaki mkononi. Nimetafuta tundu lake siku tatu. Mwenye Vitz kama hii naomba afungue buti lake aniangalizie.