Seti ya karpi kwenye maji ya chumvi: uzoefu wangu na mwatiko wa Tudor

Seti hii ya zana za uvuvi ilitengenezwa kwa samaki asiyeishi baharini. Karpi ni samaki wa maji baridi, yule mwenye magamba mapana na ndevu nne pembeni mwa mdomo. Hapa Kenya utampata bwawa la Masinga kwenye mto Tana, na ziwa Naivasha, ambako alianza kuonekana mwanzoni mwa miaka ya 2000 na sasa wavuvi wengi wa huko wanasomeshea watoto kwa samaki huyo. Mombasa hayupo. Lakini nimeitumia seti ya karpi kwenye hori ya Tudor kaskazi yote, nikaendelea nayo hadi kusi ilipochachamaa, na kwa mtu anayemtafuta mwatiko mkubwa sijashika zana nyingine inayoifikia.

Aliyeniletea ni shemeji yangu anayeishi Uingereza. Kule karpi havuliwi kwa ajili ya sufuria. Anavuliwa, anapimwa, anapigwa picha, anarudishwa majini, na wakubwa wao wanapewa hata majina. Yule wa karibu kilo 20 aliyevuliwa na Richard Walker katika bwawa la Redmire mwaka 1952 alipelekwa kwenye bustani ya wanyama ya London akaishi humo miaka mingi, watu wakienda kumtazama. Samaki anayerudishwa majini hujifunza. Akishaonja ndoana mara moja, mara ya pili anakuwa mjanja, na wavuvi wa kule wamelazimika kufikiri sana juu ya jambo moja: chambo kimfikie vipi bila yeye kuhisi chuma. Thamani ya seti hii iko hapo.

Ndani yake mlikuwa na fimbo ya futi 12 ya vipande viwili, rili kubwa yenye breki mbili, uzi mnene, machubwi yenye vibano vyake, ndoana ndogo nene za namba 6 na 8, sindano ya kutungia chambo, kengele ya betri, na pakiti ya chambo cha vidonge.

Kwanza niseme kwa nini mwatiko. Wataalamu wa samaki wanamweka mwatiko kwenye tawi moja kubwa la ukoo na karpi na kambare, ingawa yeye ni wa chumvi na wenzake ni wa maji baridi. Ukimshika utaona wanavyofanana kwa lile linalomhusu mvuvi. Mdomo wake ni mdogo, laini, hauna jino hata moja. Hararui chambo kama kolekole wala hakikati kama tengesi. Anavuta maji pamoja na chakula, anakionja, asichokitaka anakitema. Chakula chenyewe ni ule utando wa kijani unaoota juu ya tope na vijidudu vilivyomo ndani yake. Kwa hiyo ukimtungia kamba au kipande cha ngisi kwenye ndoana ya changu, atakipita. Nimekua nikisikia wavuvi wazima wakisema mwatiko hashiki ndoana, ni wa wavu tu. Anashika. Tatizo ni namna tunavyompa.

Sasa tuje kwenye unywele. Karpi naye hana meno mdomoni, meno yake yako kooni, na yeye pia anavuta na kutema. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wavuvi wawili wa Kiingereza, Lenny Middleton na Kevin Maddocks, walikitoa chambo kwenye ndoana kabisa. Walikining'iniza nyuma ya ndoana kwa uzi mwembamba mno, na majaribio ya mwanzo yalitumia unywele wa kweli wa binadamu, ndiyo maana mtindo huo unaitwa unywele mpaka leo. Ndoana inabaki wazi, haina kitu. Samaki anavuta chambo, ndoana tupu inamfuata mdomoni kwa kuwa ni nyepesi. Akishtuka akataka kutema, chambo kinatoka kwanza, ndoana inageuka na ncha yake inachoma mdomo wa chini. Kitendo cha kukataa ndicho kinachomnasa.

Nilipoielewa hii nilikaa kimya kwa muda. Sisi tumefundishwa kuificha ndoana, tuizamishe ndani ya chambo hadi isionekane, na kwa changu na chewa hiyo ni sawa kwa sababu wao wanameza. Kwa samaki anayeonja, ndoana iliyofichwa ndani ya unga haichomi kitu. Anaubonyeza ule unga, anahisi ugumu, anautema wote pamoja na chuma, wewe huku juu hujahisi hata mtikisiko. Mwatiko niliowapata kwa unywele wote walinaswa pale pale, katikati ya mdomo wa chini, na ndoana ilitoka kwa vidole bila kuwararua.

Unywele peke yake hautoshi bila chubwi zito, na hapa wengi watabisha kwa sababu mazoea yetu ni chubwi dogo ili samaki asihisi. Hesabu ya karpi iko kinyume. Chubwi linakaa karibu na ndoana, kama shubiri moja hivi, nalo limebanwa lisiteleze. Samaki akichomwa kidogo anashtuka na kukimbia, anakutana na uzito wa chubwi ghafla, na ndoana inazama yenyewe. Huna haja ya kuvuta kwa nguvu, na kwa mdomo laini wa mwatiko kuvuta kwa nguvu kungeupasua. Kile kibano kinachoshika chubwi kimetengenezwa kuliachia uzi ukikatika, ili samaki asibaki anaburuta jiwe siku zote. Nimekipenda sana kitu hicho kidogo. Samaki uliyemkosa bado ana haki ya kuishi.

Tatizo ni kwamba machubwi yaliyokuja na seti yalipimwa kwa mabwawa yasiyo na mkondo. Yalikuwa ya gramu 85 na 110. Wakati wa maji mafu yanatosha kabisa ndani ya hori. Wakati wa bamvua, maji ya Mombasa yanapanda na kushuka mita tatu na zaidi, na ule mkondo unaoingia Tudor unalisukuma chubwi la gramu 110 hadi likwame kwenye mizizi ya mikoko. Nimeagizia mafundi wa hapa machubwi ya gramu 150 yenye miguu ya waya, yanashika tope vizuri. Lakini kwa mwatiko mimi naipendekeza wiki ya maji mafu, au saa mbili za mwanzo za maji kujaa, pale yanapopanda taratibu juu ya tope la Mikindani au upande wa Junda na samaki wanafuata ukingo wa maji kulisha.

Rili ndiyo iliyonifanya nisiweze kurudi nyuma. Ina breki ya mbele kama rili nyingine yoyote, na nyuma ina kiwenzo. Ukikipandisha, uzi unatoka karibu bure, samaki anaondoka nao na fimbo inabaki pale ulipoisimika. Ukizungusha mkono wa rili, kiwenzo kinashuka chenyewe na breki halisi inashika. Kampuni ya Shimano ndiyo iliyoufanya mtindo huu ujulikane kwa jina la Baitrunner, na siku hizi kampuni nyingi zinautengeneza. Kwa mwatiko huu si urembo. Akinaswa hasitisiti hata kidogo. Anaondoka moja kwa moja kuelekea maji makuu, anaruka juu mwili mzima, anaanguka, anaondoka tena. Rili ya kawaida iliyokazwa itakupa uzi uliokatika au fimbo iliyozama. Breki yenyewe iache laini, umchoshe polepole, na akiruka ushushe ncha ya fimbo.

Fimbo ni nzuri. Imepimwa ratili 2.75, yaani uzito unaoipinda ncha yake hadi pembe mraba, nayo inapinda hadi katikati na kula mishtuko yote ya samaki, tofauti na zile fimbo ngumu za kurushia pwani.

Chambo sasa. Pakiti iliyokuja ni ya vidonge vya duara, vikubwa kidogo kuliko njugu mawe, vinavyotengenezwa kwa unga, suji, unga wa samaki na mayai, kisha vikachemshwa ili ganda la nje liwe gumu. Ugumu huo ni makusudi: samaki wadogo wasiweze kudonoa, karpi mkubwa peke yake ndiye akivunje kwa meno ya kooni. Kwa Masinga nina hakika vinafaa. Kwa mwatiko havikufaa, na ukitafakari utaona sababu, yeye hana cha kuvunjia. Waliovipenda ni kaa. Kaa wa Tudor anakikumbatia kidonge, anakikokota hadi shimoni, na bunju akipita anamaliza kazi kwa kuukata unywele. Sikununua pakiti ya pili.

Nilichofanya ni kubaki na wazo, nikabadilisha unga. Kwenye unywele natunga punje moja ya mahindi makavu yaliyorowekwa usiku kucha na kuchemshwa kama ya pure, halafu kipande kidogo cha kizibo cha chupa, kile cha gome laini kinachoelea. Kizibo kinakinyanyua chambo kidogo kutoka kwenye tope, kinaelea kimo cha kidole hivi, kaa hawakifikii kwa urahisi na mwatiko anakiona. Juu ya punje na kizibo nabandika donge la mkate mweupe uliokandwa na ule utando wa kijani wa mwani, uliokwanguliwa kwenye mawe maji yakiwa yamekupwa, na mafuta ya nazi kidogo ili lisiyeyuke haraka. Donge linaanza kumomonyoka polepole, harufu inatembea, na hata likiisha lote ile punje na kizibo bado vinafanya kazi. Wavuvi wa karpi nao wanafanya hivi, wanakipaka kidonge chao unga laini. Donge lisizidi ukubwa wa zabibu, maana mdomo wa mwatiko ni mdogo kuliko mwili wake unavyokudanganya.

Kabla ya kurusha, lisha maji. Mkate uliolowekwa, pumba za mahindi na mwani, vichanganywe viwe vizito kiasi cha kuzama. Tupa juu ya mkondo, si pale penye ndoana, kwa sababu maji yatavishusha. Kidogo kidogo kila baada ya muda. Ukimwaga ndoo nzima unawashibisha wote na wanaondoka na mkondo.

Kuna siku mwatiko anaonekana juu kabisa, mapezi ya mgongo yanakata maji kama kundi la mkizi. Siku hizo toa chubwi, weka boya dogo linaloweza kurushwa, acha kama mita moja na nusu ya uzi mwembamba, na tundika ganda la mkate kwenye unywele bila kizibo. Seti hii inafanya kazi hiyo pia, japo fimbo ni nzito kidogo kwa chombo chepesi hivyo.

Kengele ya betri iacheni. Chumvi iliingia ndani na vidude vyake vya shaba vikageuka kijani kabla kaskazi haijakwisha. Kengele ndogo ya chuma inayobanwa kwenye ncha ya fimbo inatosha, na rili yenyewe hulia samaki akichukua uzi. Ndoana nazo ni za maji baridi. Ni kali sana, kali kuliko nyingi za dukani kwetu, lakini zinashika kutu zikilala na unyevu, hivyo kila mara natupa iliyotumika na kufunga mpya. Rili ioshwe kwa maji ya kunywa yanayotiririka taratibu, breki ikiwa imekazwa ili maji yasiingie, kisha ilegezwe na ikauke kivulini. Yangu bado inazunguka laini.

Kama una pesa za kitu kimoja tu, nunua rili. Kama una pesa za viwili, ongeza ndoana nzuri na sindano. Pakiti za chambo, kengele na mikoba iache.

Na kama huna pesa za rili, jirani yangu mzee, mvuvi wa mshipi tangu ujana wake, aliuangalia unywele, akauliza maswali mazuri, nikamfungia mmoja kwenye mshipi wake wa mkono. Sasa anajifungia mwenyewe na amewavuta mwatiko wa kutosha kulisha nyumba. Anafanya hivi: mwisho wa uzi anapiga kitanzi kidogo cha kutungia punje. Anaupitisha ule mwisho mwingine kwenye tundu la ndoana kutoka nyuma, anaushikilia uzi ulale juu ya shingo ya ndoana huku kitanzi kikining'inia, anauzungusha shingoni mara saba au nane kuelekea chini, kisha anaurudisha kwenye tundu kutoka nyuma tena na kukaza kwa mate. Uzi wa ndoana uwe mwembamba kuliko mshipi mkuu. Kati ya punje na mpindo wa ndoana aache nafasi ya nusu upana wa kidole, kwa sababu ikipungua hapo mwatiko hugusa chuma kabla hajafunga mdomo.