Mkopo wa Halmashauri kwa Kikundi cha Waraibu Waliopata Nafuu: Tathmini ya Katibu Aliyeusaini

Huduma ninayoitathmini hapa ni ile fedha ya asilimia 10 ambayo kila halmashauri nchini inatakiwa kuitenga kutoka mapato yake ya ndani na kuvikopesha vikundi bila riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Nimeitumia nikiwa katibu wa kikundi cha watu wanaoacha heroini, katika mojawapo ya halmashauri tano za Mkoa wa Dar es Salaam ambayo sitaitaja jina. Naipa nyota tatu kati ya tano.

Kikundi chetu kilizaliwa kwenye benchi la kliniki. Mtu anapoanza tiba ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini ili mwili uache kuidai, hapewi dawa ya kwenda nayo nyumbani kama panadoli. Anafika kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo, anataja namba yake dirishani, anapewa dozi ya majimaji katika kikombe kidogo cha plastiki, anainywa mbele ya mhudumu, anashushia na maji, kisha anatamka neno lolote, hata salamu, ili ionekane kwamba amemeza na hakuificha shavuni. Shughuli yote haizidi dakika mbili. Baada ya hapo mwili umetulia, arosto, yaani maumivu ya kukosa heroini, haipo, ni saa tatu asubuhi, na siku nzima iko mbele yake bila kazi, huku kijiwe alichokitoroka kikiwa pembeni mwa njia ileile ya kurudi nyumbani. Muhimbili walianza kutoa methadoni Februari 2011, zikafuata hospitali za Mwananyamala na Temeke, na dawa yenyewe hatulipii hata shilingi. Mimi nimekunywa dozi tangu 2019 na sina lalamiko nayo. Kilichotusumbua ni saa zile zinazobaki baada ya dirisha.

Tulikuwa wanane benchini, na mmoja wetu, ambaye wote tunamwita Babu Fundi, alikuwa fundi makochi wa siku nyingi kabla unga, yaani heroini, haujamnyang'anya vyombo vyake. Yeye ni wa kizazi kile kilichoanza kwa kuvuta, kikahamia kwenye sindano mwishoni mwa miaka ya 1990 unga mweupe ulipoingia mjini. Alitufundisha kuanzia kupiga fremu mpaka kuvuta kitambaa kisifanye mikunjo kwenye kona, na tukapata kibanda cha kupanga, misumeno miwili na sponji za kuunga. Mwanzoni mwa 2023 tukasajili kikundi ili tuombe mkopo. Wiki chache baadaye, Aprili, serikali ikasitisha utoaji wa mikopo hiyo nchi nzima ili utaratibu upangwe upya, na dirisha la mikopo halikufunguliwa tena mpaka 2024. Hilo silihesabu kama kosa la halmashauri yetu, kwa kuwa agizo lilitoka juu, na kwa kweli fedha nyingi za miaka ya nyuma zilikuwa zimekopeshwa bila kurudi.

Dirisha lilipofunguliwa, jambo la kwanza tuliloligundua ni kwamba mraibu hana mlango wake. Fedha hii ina milango mitatu, na anayetaka kuingia lazima achague mmojawapo: awe mwanamke, awe kijana au awe na ulemavu. Sisi tuliingia kama vijana, na hapo hapo Babu Fundi akabaki nje, maana alikwishavuka umri ambao kanuni zinauita ujana. Mwenye ufundi wote wa kikundi hakuweza kuwa mwanakikundi. Yuko karakanani kila siku, anasahihisha kazi zetu, lakini kwenye karatasi hayupo, na siku maofisa walipokuja kukagua mradi alijitambulisha kama jirani aliyepita kusalimia. Tulicheka sana siku ile. Baadaye nilipolifikiria niliona aibu.

Hapa niruhusiwe kutazama nje kidogo. Nchini Marekani, ambako janga la opioidi, yaani dawa za jamii ya heroini, lilianza zaidi na vidonge vya maumivu vilivyoandikwa na madaktari kuliko na unga wa magendo, majimbo na serikali za mitaa zilizishitaki kampuni za dawa, na makubaliano makubwa yaliyokamilishwa mwaka 2022 na wasambazaji watatu wa dawa pamoja na Johnson & Johnson yalifikia dola bilioni 26, zitakazolipwa kwa miaka mingi, wasambazaji wakipewa hadi miaka 18. Sehemu kubwa ya fedha hizo, angalau asilimia 85, imefungwa kwa masharti kwamba itumike kupambana na janga lenyewe, ndiyo maana kaunti nyingi huko hutangaza ruzuku kwa vikundi vya jamii vinavyowahudumia waraibu. Hata huko mambo si asali tupu, maana zipo kaunti zilizolaumiwa kwa kununua magari ya polisi kwa fedha hiyo. Lakini anayelaumu ana pa kushika, kwa sababu fedha ina jina la kazi yake. Ya kwetu haina. Tunayo Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, na kliniki ziko chini ya hospitali za serikali; ila katika fedha hii ya halmashauri, ambayo ndiyo iliyo karibu zaidi na mtaa, mraibu huhesabiwa kuwa mjasiriamali kama mjasiriamali mwingine yeyote.

Nirudi kwenye huduma. Nyota ya kwanza ni ya afisa maendeleo ya jamii wa kata yetu, mama mtu mzima ambaye hakutukunjia uso hata siku moja. Alitusaidia kurekebisha katiba ya kikundi, akatuonyesha namna ya kuandika muhtasari wa kikao unaokubalika, akatukumbusha vitambulisho vya taifa mapema, jambo ambalo lilituokoa, kwa sababu watatu kati yetu walikwishapoteza vyao kitambo. Maombi yanajazwa kwenye mfumo wa kielektroniki, na siku mtandao ulipogoma alikaa nasi mpaka jioni kwa simu yake mwenyewe. Kwenye kamati, mjumbe mmoja aliuliza mbele yetu, kana kwamba hatupo, kwamba mateja wakipewa mamilioni si watayamalizia kwenye kete za unga. Mama yule akamjibu kwa upole, "Mzee wangu, hawa wanaomba mashine, na mashine haivutwi." Tangu hapo tukaomba wenyewe kwamba fedha ya vifaa ilipwe moja kwa moja kwa muuzaji. Nashauri kila kikundi cha aina yetu kifanye hivyo, si kwa sababu hatuaminiki, bali kwa sababu shilingi milioni 7 zikilala kwenye akaunti ambayo watu watatu wanaokunywa dozi ndio wanaisainia, usingizi wa watu hao hautakuwa mzuri.

Nyota ya pili ni ya kutokuwepo kwa riba, na hapo sina la kuongeza. Aliyewahi kuumizwa na kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, anajua maana yake.

Sasa niseme kuhusu muda, ambao ndio uliotugharimu zaidi. Tuliwasilisha maombi Septemba 2024 na fedha ikatoka Machi 2025. Kwa kikundi cha wauza mboga miezi sita ni usumbufu. Kwetu ni muda wa kutosha mtu kurudi kwenye unga, kupotea, kurejea kliniki na kuanzishwa dozi upya. Februari tulipigiwa simu tufike kusaini mkataba, wanakikundi wote, kwa vitambulisho halisi, keshokutwa saa nne. Tulikuwa saba kwenye karatasi na sita mkononi. Wa saba, kijana aliyekuwa mshonaji wetu wa makava, alikuwa hajaonekana dirishani kwa siku kumi na mbili.

Tulimkuta maskani, amekaa juu ya gunia, jua la saa saba linampiga naye amejifunika jaketi, kamasi zinamtoka, anajikunja tumbo. Alinitambua. "Kaka, nikisaini mtanipa elfu tano?" Mkataba ulikuwa unahitaji sahihi yake, na sahihi yake wakati ule ungeweza kuinunua kwa bei ya kete mbili. Mwenzangu alinitazama. Hatukumsainisha. Tulimpa maji, tukamwambia kliniki bado wana faili lake, tukaondoka. Ofisini tukaeleza kwamba mmoja amejiondoa, tukaambiwa tuandike muhtasari mpya wa kumtoa, upitishwe na mtaa, upitishwe na kata, kisha taarifa zibadilishwe kwenye mfumo. Hilo lilichukua wiki tatu nyingine. Sikuona chuki popote katika ucheleweshaji huo. Kila ofisa alifanya kile ambacho fomu yake inamtaka afanye, lakini hapakuwa na fomu hata moja iliyotarajia kwamba mwanakikundi wa kikundi kama hiki anaweza kuanguka, ilhali kuanguka na kuinuka ndiyo tabia ya ugonjwa wenyewe, na kila muuguzi wa dirishani anaifahamu. Mshonaji wetu alirudi kliniki Mei. Anashona tena, naye sasa ni jirani aliyepita kusalimia.

Tuliomba shilingi milioni 12 tukapata 7,200,000, za kurejeshwa kwa miezi 18 baada ya miezi mitatu ya mapumziko, yaani 400,000 kila mwezi. Tulinunua cherehani ya umeme ya kushonea makava, kompresa na bunduki yake ya pini, mbao na maroba ya sponji. Kazi ilibadilika mara moja: seti ya makochi iliyokuwa inatuchukua wiki mbili sasa inatoka kwa siku tano. Hiyo ndiyo nyota ya tatu, na naitoa kwa moyo mkunjufu. Marejesho hatujachelewesha hata moja.

Kilichokatwa kwenye andiko letu la mradi ndicho kilichonifanya nizuie nyota mbili zilizobaki. Tulikuwa tumeomba fedha ya nauli ya kliniki, posho ndogo ya mshauri nasaha wa kukutana nasi jioni mara mbili kwa wiki, na fedha ya kuwafuata maskani wanaopotea. Vyote vilipigwa mstari mwekundu na kuandikwa pembeni: "si shughuli ya uzalishaji". Kwa mujibu wa kanuni za mkopo huenda ni sahihi. Lakini nauli ya daladala kwa safari fupi ilikuwa shilingi 600, kwenda na kurudi 1,200, na dozi ni ya kila siku, hivyo watu sita kwa siku 30 ni 216,000, zaidi ya nusu ya marejesho yetu. Mwezi wa mvua wateja walipopungua tulilazimika kuchagua kati ya marejesho na nauli, na tukalipa marejesho. Wawili wetu walitembea kwa miguu kwenda kliniki siku tisa. Mtu akikosa dozi hiyo kwa siku mbili, cherehani ya umeme haimsaidii kitu.

Kwa kikundi kinachofikiria kuomba: ombeni, maana kwa upande wa vifaa hamtapata fedha rahisi kuliko hii. Andikisheni watu wachache ambao mna hakika nao, bila kushuka chini ya watano, na wengine wafanye kazi bila kuwemo kwenye mkataba mpaka watulie. Tengeni mfuko wa nauli kabla ya kugusa faida, tena uwe kwenye simu ya mtu asiyekunywa dozi. Kwetu ni mke wa mwenyekiti, na hakopesheki. Mkiulizwa na kamati maswali ya kudhalilisha, jibuni kwa hesabu za mauzo.

Tumebakiwa na marejesho manne. Tukimaliza tunaruhusiwa kuomba tena, na andiko la safari hii nimekwisha kuliandika. Mstari wa nauli upo, kwenye ukurasa wa pili, ila mara hii nimeuweka chini ya gharama za usafirishaji wa malighafi.