Google Scholar kwa mtafiti wa tiba: nyota nne, na kinyota kimoja cha kuchungulia

Nafanya kazi kwenye maktaba ya chuo cha afya hapa Dar es Salaam, na msimu wa kupanda vyeo ukifika meza yangu inajaa. Wa vimelea, wa damu, wa maabara ya bakteria, wote shida yao moja: “Dada, nitolee namba zangu.” Namba zenyewe ni idadi ya makala, mara zilizonukuliwa na wengine, na kipimo cha h (nitakieleza mbele). Tunaanzia Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta makala za kitaalamu na kuhesabu nukuu zake, kwa sababu ni bure na inashika vitu ambavyo Scopus, hifadhidata nyingine ya makala na nukuu, haivioni.

Hilo la pili ndilo linaloipa nyota nyingi. Mtafiti wa malaria aliyeanza kuandika miaka ya 90 ana makala nzuri kwenye majarida ya huku kwetu, mengine yamo African Journals Online, tovuti inayokusanya majarida ya Afrika. Scopus huchagua majarida. Lako lisipokuwemo, makala yako haina hesabu. Google Scholar inazoa: majarida, tasnifu, ripoti, hata nakala za awali ambazo hazijapitiwa na mtaalamu yeyote. Ndiyo maana kwa mtu yule yule namba zake huwa kubwa zaidi. Kamati itauliza kwa nini hazilingani, kwa hiyo jibu liandike kabisa kabla hujaulizwa.

Kufungua wasifu ni dakika chache: akaunti ya Google, barua pepe ya chuo uliyoithibitisha, kisha uchague makala zako. Kwenye kuchagua ndipo watu wanapoteleza. Unaletewa mafungu ya makala kwa jina, na kama wewe ni Mushi mwenye herufi moja mbele, jua Mushi wa kilimo na Mushi wa uhandisi wanaweza kuwemo humo humo. Profesa mmoja alikubali yote bila kusoma. Nilipokuja kuufungua wasifu wake, bingwa wa kichocho alikuwa na makala mbili za lami ya barabara. Tulizifuta kimya kimya. Tangu hapo kila ninayemhudumia namwekea mpangilio wa kuletewa barua pepe kwanza aidhinishe, makala zisijiongeze zenyewe.

Kisha kinyota. Makala moja ikijitokeza mara mbili unaziunganisha, sawa. Lakini ukiona kinyota kando ya idadi ya nukuu, unaambiwa kwamba ndani ya idadi hiyo kuna maingizo ambayo huenda si ya makala ile. Bofya jina la makala, uyaone, utenganishe yasiyokuhusu. Wengi hawajawahi kukigusa.

Kipimo cha h alikileta Jorge Hirsch, mwanafizikia wa San Diego, mwaka 2005: h ya 12 maana yake makala zako 12 zimenukuliwa kila moja angalau mara 12. Cha i10 ni makala zilizofikisha nukuu 10, basi. Kijana asiogope safu ya jumla. Ya pembeni, inayohesabu miaka ya karibuni, inamtendea haki zaidi.

Kuna jambo ambalo hakuna huduma ya aina hii itakayolitibu. Tafuta jina la Lowry pamoja na “Folin phenol”. Itakuja makala ya 1951 ya kupima protini, yenye nukuu mamia ya maelfu. Haikugundua ugonjwa wala dawa. Ni njia ya maabara tu, na kila aliyeitumia ilibidi aitaje. Sasa mtafute Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, na makala yake ya 1958 kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto. Hesabu yake haisogelei hata kidogo ile ya Lowry, na huku saratani yenyewe inaitwa kwa jina lake dunia nzima. Jina likishaingia vitabuni watu hulitaja bila kuiweka makala kwenye marejeleo, na mashine inahesabu marejeleo tu.

Nyota ya tano nimeinyima kwa ajili ya wanaojinukuu. Scopus inakuruhusu kuziondoa nukuu za mwandishi mwenyewe uone h inabaki ngapi; huku kitufe hicho hakipo. Kwa faili la cheo nachapisha kurasa za kote kuwili, juu naandika tarehe, maana wiki ijayo namba itakuwa nyingine, na chini naweka nambari ya ORCID ya mhusika, yaani namba ya utambulisho wa mtafiti inayomtofautisha na wenye jina kama lake.