Sahani ya 8,000 pale Makole

Nauza nafaka Soko la Majengo hapa Dodoma, kwa hiyo kabla sijasifia chakula cha mtu nakipima kwanza. Aliyenivuta ni jirani yangu wa kibanda. "Shoga, Jumamosi kuna akina mama wanapika Makole, faida yote inalipia wasichana ada ya chuo kikuu. Twende tukale." Nikamwambia michango ya harusi peke yake imenimaliza. Akasema hapa hakuna kadi, unanunua sahani yako unakula. Nikaenda.

Wanapika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, uani kwa mmoja wao: maturubai mawili, viti vya plastiki, na upepo wetu wa Agosti unaopeperusha vitambaa vya meza. Sahani ni 8,000. Mama ntilie wangu wa sokoni ananishibisha kwa 2,500, kwa hiyo nilikaa nimekunja uso. Halafu ugali ukaja.

Uwele mtupu, jamani. Haukuchanganywa na sembe ili umpendeze mgeni. Rangi ya majivu na ile harufu ya ghalani niliyokulia nayo. Mlenda ulikuwa wa kukausha, ambao Wagogo wanauita ilende, umetiwa karanga za kusaga na unavutika mpaka unazungusha kidole kuukata. Magadi yalizidi kidogo, mpishi apunguze. Kuku alikuwa wa kienyeji kweli, unamtafuna mpaka taya linajua kazi yake. Ila jirani yangu alipewa shingo, na alipouliza akaambiwa ndivyo vipande vilivyobaki. Shingo kwa 8,000 hapana. Juisi ya zabibu haikuwekwa sukari hata chembe. Glasi ya pili nililipia 1,000 na sikujuta.

Huduma ni ya kusuasua. Tulisubiri dakika arobaini. Wanaohudumia ni walimu wastaafu, manesi, na watumishi waliofuata wizara zao Dodoma baada ya serikali kutangaza kuhamia huku 2016, kwa hiyo unasikia salamu ya Kigogo "mbukwenyi" meza hii na Kichaga meza ile. Wote wanajitolea, nawaheshimu. Lakini anayepokea hela ndiye huyohuyo anayepakua, noti na mwiko mkono mmoja. Wekeni mtu wa hela pembeni, haigharimu kitu.

Kilichonifanya nitulie ni mlango wa stoo. Wamebandika hesabu ya mwezi uliopita: sahani zilizouzwa, bei ya kuku, mkaa, unga, kilichobaki. Pembeni kuna nakala za stakabadhi za chuo, jina la mwanafunzi limezibwa. Ada wanailipa moja kwa moja kwa namba ya malipo ya mwanafunzi, hakuna anayepewa bahasha. Mimi niliwahi kuwa kwenye kikoba ambacho daftari lilikuwa linalala kwa mweka hazina, na siku ya kuvunja tukaambiwa limeliwa na mchwa. Kwa hiyo niliusoma ule mlango mstari kwa mstari, ugali unapoa.

Nikapiga hesabu ya kisokoni. Tuseme kila sahani inabakiza 3,500. Ili ipatikane milioni moja inabidi watu karibu mia tatu wale, na masufuria niliyoyaona hayakuzidi sahani mia. Ndiyo maana wana mchango wao wa kila mwezi wenyewe kwa wenyewe, na ndiyo maana hawalipii ada nzima. Wanaziba pengo. Bodi ya Mikopo ipo tangu 2005, lakini waliosomesha wanajua: mtoto anaweza kupata mkopo usiofika ada yote. Binti yangu alisoma Chuo Kikuu cha Dodoma, kule kwenye vilima vya Chimwaga, na bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, likichelewa simu yake ilikuwa inanifikia kabla jogoo hajawika.

Sasa niseme lililonikera. Katikati ya chakula mama mmoja alishika maikrofoni akamwita binti mmoja wa chuo, akamsimamisha, akamwambia asimulie. Binti akaanza: baba alivyofariki, ng'ombe walivyouzwa, alivyolala bila kula. Anaangalia viatu vyake muda wote. Watu wakaacha kula, kikapu kikapita, na sikatai, kilijaa. Lakini mimi nilishalipa 8,000 yangu. Nilinunua chakula, kilio cha mtoto wa mtu sikukiagiza.

Nilimfuata mwenyekiti jikoni, mama wa makamo ya mama yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, umeshiba?"

"Nimeshiba, asante. Ila yule binti, mama. Kesho atapanda daladala moja na nusu ya watu hawa."

Akafuta mikono kwenye kanga, kimya kidogo. Akasema wafadhili wanapenda kumwona wanayemsaidia. Nikamwambia stakabadhi zake mlangoni mmeziba jina, halafu hapa mnamsimamisha na sura yake. Hakunijibu. Akaniuliza kama nimeonja karanga.

Karanga nilinunua, za kukaanga, pakiti ya 3,000 iliyoandikwa nusu kilo. Chumvi imekaa vizuri, hakuna hata moja iliyoungua, nimekula nikiandika hapa. Lakini mazoea yana tabu, nilipofika kibandani niliiweka kwenye mizani: gramu 460. Pakiti ya jirani yangu, 470. Sidhani ni wizi, wanajaza kwa kikombe na kuandika kwa imani. Watu wa vipimo hawapokei maelezo ya imani.

Nimempigia mwenyekiti kumwambia. Alicheka, akasema niende Jumamosi ya mwisho nikawafundishe kufungasha, na kwamba maikrofoni mwezi huu itatumika kuita namba za sahani tu. Naenda na mizani yangu ya ziada. Sahani nitalipa kama kawaida, ila nataka paja.