Kozi iliyonifuta kwa sababu ya salamu: uzoefu wangu

Nilikusudia kuandika sifa. Mpaka wiki ya nne ya kozi hii ya mtandaoni, inayotolewa na chuo kikuu kimoja cha nje ambacho sitakitaja jina, nilikuwa nikiwaambia walimu wenzangu hapa Wete, Pemba, kwamba mwenye bando na muda wa saa moja kila usiku ajiandikishe asichelewe. Kozi inahusu matumizi ya teknolojia katika kusomesha. Mpangilio wake, ada ya cheti na idadi ya masomo sitavieleza, kwani vyote vimewekwa wazi kwenye ukurasa wa kujiandikisha. Ninachotaka kueleza ni jambo moja lililonifika katika ukumbi wa majadiliano wa kozi hiyo, jambo ambalo limepita muda sasa lakini nikilikumbuka kifua bado kinanibana.

Kila wiki mshiriki anatakiwa aandike mchango mmoja wa maneno yasiyopungua 300, kisha awajibu wenzake wawili. Wengi huandika haraka haraka wakamaliza. Mimi sikuweza, kwanza kwa sababu Kiingereza ni lugha niliyoipata skuli, na kila sentensi ninayoiandika nimeipima kabla ya kuiweka. Halafu kuna umeme. Umeme wetu Pemba unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu mwaka 2010, na unapokatika usiku naibakishia simu chaji ya asubuhi, nikaandika katika daftari kwa mwanga wa taa ya sola. Daftari hilo ninalo mbele yangu sasa hivi. Mchango wa wiki ya nne umechukua kurasa tano: mbili za mwanzo zimejaa mistari iliyokatwa, ya tatu ina doa la chai, na pembezoni nimeandika kwa penseli maneno ya Kiswahili niliyokuwa nikiyatafutia Kiingereza chake. Neno "vifuko" limezungushiwa duara mara mbili, kwa sababu vile vinavyobeba mafuta ndani ya jani nilisita kama niviite vifuko au tezi.

Swali la wiki hiyo liliuliza mwalimu mwenye vifaa vichache na wanafunzi wengi afanyeje. Nilieleza ninavyofanya mwenyewe, maana nasomesha Baiolojia katika darasa lenye wanafunzi zaidi ya 60, na darubini tuliyonayo ni moja, nayo kioo chake kimeingia ukungu. Natia tone la maji juu ya kioo cha kamera ya simu yangu, naigeuza taratibu ili tone lining'inie bila kudondoka, kisha naisogeza karibu na jani bichi la mkarafuu lililoelekezwa kwenye mwanga wa dirisha. Tone linafanya kazi ya lenzi. Pale ambapo jicho tupu linaona kijani kitupu, kwenye simu vinatokea vidoa vinavyong'aa, vimetapakaa jani zima. Hivyo ndivyo vifuko vya mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayolipa jani harufu yake. Watoto waliokulia chini ya mikarafuu, waliochambua karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake, tangu hawajaanza skuli, wanaviona vidoa hivyo kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Simu inapita dawati kwa dawati, na darasa zima linanyamaza bila ya mtu kulinyamazisha.

Haya niliyaandika kwa furaha. Nikaanza, kama anavyoanza mtu yeyote aliyelelewa Pemba, kwa kuwatakia wenzangu amani, kuwauliza hali zao na za wanafunzi wao, kumshukuru aliyelitunga swali, kisha kuomba ruhusa ya kuchangia.

Asubuhi baada ya sala ya alfajiri nilifungua simu nikakuta mchango wangu umefunikwa, hausomeki na mtu mwengine, na chini yake, mbele ya washiriki wote, msimamizi wa majadiliano ameandika maneno ambayo nayatafsiri hapa bila kuyaongeza: "Mchango huu umeondolewa. Chombo chetu kimeonyesha kwamba umeandikwa na mashine, na mwanzo wake wa salamu na shukrani unathibitisha hivyo. Wenzako wanastahili kusoma sauti ya mtu."

Sauti ya mtu! Niliisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama mlangoni, na nikaisoma tena njiani kwenda skuli. Kama angesema Kiingereza changu ni kibovu ningemshukuru na nikajifunza. Kama angesema mchango ni mrefu ningeupunguza. Yeye alichukua lile jambo la kwanza kabisa tunalomfundisha mtoto, kwamba huingii kwa watu ukaanza kusema kabla hujawaamkia, akalifanya ndilo ushahidi wa kwamba mimi si mtu.

Hapa nataka nieleweke vizuri, kwa sababu wapo watakaosema kwamba mtandaoni mambo ni ya mkato na mgeni afuate desturi ya mwenyeji. Barazani kwetu watu hubishana, tena hubishana kweli kweli. Anayetaka kumpinga mkubwa husema "kunradhi, maalim", halafu akapinga mpaka mwisho, na jioni ya pili wako pale pale. Kisiwa hiki kimewahi kupita nyakati ambazo siasa ziliwafikisha majirani mahali pa kutohudhuriana mazikoni, na kila mtu mzima wa hapa anajua kwamba kilichoanza kukatika, kabla ya mazishi na kabla ya harusi, kilikuwa ni salamu. Kwa hiyo mtu akiniambia salamu ni maneno ya kujazia nafasi, namwona hajui watu wanaishi vipi pamoja wanapohitilafiana.

Nilimwandikia msimamizi kwa adabu. Nilizipiga picha kurasa zote tano za daftari, pamoja na mistari iliyokatwa na lile doa la chai, nikamtumia. Alijibu kwa mistari miwili: mtu anaweza kunakili kwa mkono yaliyoandikwa na mashine, na uamuzi kwa wiki hiyo haubadiliki. Hakutia jina langu mwanzoni wala lake mwishoni. Sijui alizifungua picha zenyewe, kwa sababu mtu aliyeziona angeona sentensi moja imeandikwa mara nne kwa namna nne, na hakuna anayenakili kwa njia hiyo.

Kule ofisi ya walimu nilipowaeleza, mwalimu mmoja kijana akaniambia, "Maalim, ungeipa mashine ikuandikie, wasingekushika." Nilimkemea, nikidhani anafanya mzaha katika jambo lisilo la mzaha. Baada ya siku chache nilianza kusoma kuhusu vyombo hivi, na ikabidi nimrudie nimwombe radhi, kwa sababu alichokisema kimepimwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na kuchapishwa mwaka 2023.

Watafiti hao walivichukua vyombo saba vya kutambua maandishi ya mashine, wakavipa insha 91 za mtihani wa TOEFL, yaani insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kuzaliwa. Kwa wastani, asilimia 61 ya insha hizo zilihukumiwa kuwa ni kazi ya mashine. Insha 89 kati ya 91 ziliangushwa na angalau chombo kimoja. Vyombo hivyo hivyo vilipopewa insha za wanafunzi wa darasa la nane wa Marekani, karibu zote zilipita salama. Sababu si ya kichawi. Chombo kinapima jinsi neno linalofuata linavyotabirika, na maandishi yenye maneno ya kawaida katika mpangilio wa kawaida kinayaona ni ya mashine. Mtu anayeandika kwa lugha ya kujifunza hutumia maneno aliyo na uhakika nayo, katika sentensi alizofundishwa kuwa ni sahihi. Kisha ukaja ule mkasa wenyewe: watafiti walipoiomba ChatGPT, moja ya mashine hizo za kuandika, izipambe insha za TOEFL kwa msamiati wa mzawa wa lugha, kiwango cha kusingiziwa kikashuka mpaka karibu asilimia 12. Yaani aliyeandika mwenyewe anakamatwa, na aliyepambiwa na mashine anapita.

Hayo hayakuwa siri wakati mimi nafutwa. OpenAI, kampuni iliyoitengeneza ChatGPT, ilitoa chombo chake cha utambuzi Januari 2023, ikakiri yenyewe kwamba kinakamata asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine na kinayasingizia asilimia 9 ya maandishi ya watu. Julai mwaka huo huo ikakiondoa kwa kukosa usahihi. Mwezi uliofuata Chuo Kikuu cha Vanderbilt cha Marekani kilikizima chombo cha utambuzi cha Turnitin, mfumo wa kukagulia kazi za wanafunzi, kwa hesabu ambayo mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza angeifanya: kazi zilizopitishwa kwenye mfumo huo mwaka 2022 zilikuwa 75,000, na hata kama kosa ni asilimia moja tu kama walivyoahidiwa, wanafunzi wa kazi 750 wangesingiziwa. Chuo chenye wanasheria na wataalamu kimeogopa dhulma ya asilimia moja. Msimamizi wangu hakuogopa, na juu ya chombo akaongeza dhana yake mwenyewe kuhusu salamu.

Kiingereza changu ni cha kutabirika, sikatai. Nilikipata kwa walimu waliotutaka tuandike sentensi kamili, tusifupishe neno, tusianze barua bila ya anwani na heshima. Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamua Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, kwa hiyo hata wanafunzi wangu wa leo wanalikuta jani, mzizi na ua kwa lugha ya vitabu kabla hawajaitumia kwa kununulia hata mkate. Sisi Wapemba tunayajua haya hata ndani ya Kiswahili. Katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kipemba kikabaki cha nyumbani. Tumezoea kusahihishwa, na tunasahihishika. Lakini hapo kale ukisema kwa lahaja yako unaambiwa hujui. Sasa nimeandika sanifu kabisa, kama nilivyofundishwa, naambiwa sikuandika mimi.

Wiki ile nilirudi kuangalia ni michango gani iliyoachwa. Kulikuwa na mistari kwa mistari ya "hoja nzuri sana" na "nakubaliana na wewe", iliyoandikwa na watu wanaotimiza masharti ya majibu mawili, na hakuna aliyewauliza kama wao ni watu. Mshiriki mmoja alimjibu mwenzake kwa dharau ya wazi, kwa neno la mkato ambalo hapa kwetu lingemfanya mtu ainuke aondoke. Lilibaki. Nadhani lilikuwa na sauti ya mtu.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika haya nilikuwa nimeamua kuipa kozi nyota moja na kuwasihi walimu wa Unguja na Pemba wasiisogelee. Nikakumbuka somo la wiki ya pili, la namna ya kumfanya mwanafunzi aulize badala ya kujibu tu, ambalo limebadilisha darasa langu kwa kiasi ambacho mafunzo ya kazini ya miaka mingi hayakufanya, nikaona nyota moja ni dhulma nyengine. Nikaandika tatu. Kisha nikaifungua tena ile sentensi ya msimamizi, bado ipo pale mtu yeyote aione, nikazifuta zote. Wanaoweza kuandika Kiingereza cha mzawa waende, watafaidika. Mwalimu mwenzangu wa hapa aende akijua kwamba atahukumiwa na asiyemjua kwa chombo kisichomjua, na aweke rasimu zake, ingawa mimi hazikunisaidia. Ada ya cheti sitailipa.

Hata hivyo kozi sijaiacha, na sababu ni mtu mmoja. Mwalimu wa kike wa Brazil, ambaye naye Kiingereza amekipata skuli, alikuwa ameusoma mchango wangu usiku ule ule kabla haujafunikwa. Aliandika chini ya onyo la msimamizi kwamba yeye alimwona mtu, akaniuliza hali yangu na ya wanafunzi wangu mmoja mmoja kama nilivyouliza mimi, kisha akataka kujua tone la maji liwe kubwa kiasi gani. Nilimjibu: kama punje ya mtama, si zaidi. Juma lililopita alinitumia picha. Ni jani la mpera, mti wa ukoo mmoja na mkarafuu, limeshikwa na vidole vya mtoto dhidi ya dirisha, na ndani yake vidoa vile vile vinang'aa. Niliionyesha darasani, simu ikapita dawati kwa dawati, na mwanafunzi mmoja wa mbele akaniomba nimpelekee mwalimu yule salamu zao.