Picha za Crockett Johnson: jiometri bila herufi

Ukifungua picha hizi, maelezo yaache kwanza. Tazama. Ziko 80 katika Jumba la Makumbusho ya Historia ya Marekani la Smithsonian, na kwenye tovuti yao unaziona bila malipo. Crockett Johnson alikuwa mchora katuni. Tangu 1965 hadi alipofariki mwaka 1975 alichora zaidi ya picha 100, nyingi zikitokana na kanuni za hisabati.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya Pythagoras. Ameufuata mchoro wa Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale: pembetatu yenye pembe mraba, na kila upande umebeba mraba wake. Zile A, B, C za vitabuni hazimo, rangi ndizo zinazoongoza jicho. Chukua penseli uufuate mstari unaoshuka kutoka kwenye pembe mraba hadi kuukata mraba mkubwa. Unapata mistatili miwili, na kila mmoja una eneo sawasawa na mraba mdogo wa upande wake. Uthibitisho wote uko hapo! Wanafunzi wangu wanaokariri fomula ningewakalisha mbele ya picha hii kabla sijaandika chochote ubaoni.

Kisha kuna umbo la pembe saba zilizo sawa. Kwa bikari na rula isiyo na alama halichoreki kabisa. Johnson aliipata njia yake mwaka 1973 akiwa mgahawani Siracusa, Italia, mji wa mwanahisabati wa kale Archimedes: alipanga vijiti saba vya kuchokolea meno kati ya kingo za menyu na orodha ya mvinyo, mpaka ikatokea pembetatu ambayo kila pembe ya chini ni mara tatu ya ile ya juu; ile ya juu basi ni sehemu ya saba ya nyuzi 180, na humo ndimo linamozaliwa umbo la pembe saba. Nimejaribu kwa njiti za kiberiti, na inakubali, mradi zote ziwe na urefu mmoja. Njia hiyo, inayohitaji rula yenye alama, ilichapishwa katika jarida la Mathematical Gazette mwaka 1975.

Zipo zisizojieleza zenyewe. Katika ile ya kugeuza duara kuwa mraba wenye eneo lile lile, uzuri wake umo kwenye hesabu: mwanahisabati Mjerumani Lindemann alithibitisha mwaka 1882 kwamba haiwezekani kwa bikari na rula, naye Johnson akakaribia kwa desimali nne za kipeuo cha pili cha pai. Jicho haliwezi kuliona hilo, kwa hiyo hapo soma maelezo mapema. Anayeanza aanze na Pythagoras.